Seti ya kuanzia kuchoma kwa mkaa, bajeti elfu hamsini: shajara ya mradi

Lengo

Mradi wenyewe uko hivi: mtu ambae hajawahi kusimamia moto wa mkaa apate seti nzima ya kujifunzia kuchoma, yani jiko, wavu, koleo na vikorokoro vyake vyote, kwa hela isiyozidi 50,000 ya Tanzania, na kila kitu kipatikane hapa hapa Dar bila kuagiza chochote. Wanaojifunza ni mpwa wangu aliemaliza kidato cha nne mwaka jana na anataka kuanza biashara ya mishikaki pale barazani kwao Temeke, mama yake ambae ni wifi yangu, na binti wa jirani ambae yeye mawazo yake yote yako kwenye samaki.

Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu naona vijana wengi wanakwama mwanzoni kabisa, wanaambiwa bila pipa huwezi, wanakopa hela, wanatengenezewa lile pipa kubwa, alafu linakaa nyuma ya nyumba linaota kutu. Pipa la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 88 na upana wa 57 hivi, ukilipasua kwa urefu unapata eneo kubwa sana la kuchomea, na eneo kubwa maana yake mkaa mwingi kila unapowasha. Mtu anaejifunza anatakiwa awashe mara nyingi na achome vitu vidogo vidogo, sasa kama kila akiwasha anamaliza ndoo ya mkaa atajifunza lini? Kwa hiyo pipa nimeliweka pembeni tangu mwanzo, hilo ni la mtu ambae wateja tayari anao.

Jumamosi, mtaa wa Gerezani

Nimeenda na mpwa wangu kutafuta rimu ya gari. Rimu ya chuma ndo jiko la bei rahisi kuliko yote ninayoyajua, ni chuma kinene, haipindi kwa joto, ina matundu tayari ya kuingiza hewa, na kina chake ni kizuri, mkaa ukikaa chini na wavu ukikaa juu unabaki na nafasi kama sentimita 10 hadi 12 katikati, ambayo ndo nafasi unayoitaka kwa mishikaki na kuku.

Tumechukua ya inchi 14 kwenye skrepa, kwa 10,000. Ina uzito kama kilo 7 hivi. Kuna mambo ya kuangalia hapo na nimemwambia mpwa wangu ayashike vizuri kwa sababu wauzaji hawakuambii:

Kwanza iwe chuma, sio hizi rimu za kisasa zinazong'aa za aluminiamu. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na mkaa ukipepewa vizuri unapita hapo, na hata kabla ya kuyeyuka inalegea. Beba sumaku ndogo mfukoni, ile ya spika iliyokufa inatosha, ikinata ni chuma.

Pili, na hili ndo kubwa, kwenye ukingo wa rimu kunakua na vile vipande vidogo vya kubalansi gurudumu. Vingi vya zamani ni risasi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu na ni sumu, haitakiwi ikaribie chakula hata kidogo. Ving'oe vyote kwa bisibisi kabla rimu haijaona moto, angalia mbele na nyuma, na vile vya gundi vinavyojificha ndani. Ya kwetu ilikua na kimoja upande wa ndani chini ya matope, tumekiona baada ya kuosha. Tumenawa mikono kwa sabuni alafu ndo tukala.

Tatu, nyufa. Rimu iliyopasuka kidogo kwa gari haifai lakini kwa jiko haina shida, na ndo unapata kwa bei chee.

Jumatatu, kwa fundi

Fundi ni mzee mmoja anaechomelea mageti, mtulivu, anasikiliza mteja. Tumemwambia tunataka miguu mitatu ya nondo (mitatu haiyumbi hata ardhi ikiwa mbaya), masikio mawili ya kubebea, na kile ambacho hajawahi kuombwa, sahani ya bati nene chini ya tundu la katikati, inayozunguka kwenye nati moja, ili tuweze kufunga na kufungua hewa.

Akauliza, "Mama, hewa ya nini tena, si utapepea?"

Nikamwambia fundi wangu, kupepea ni kuongeza, mimi nataka na kupunguza. Hapo ndo roho ya mradi mzima ilipo kwa mimi ninavyoona. Mkaa unawaka kwa kadiri ya hewa unayoupa. Ukifungua hewa ya chini moto unapanda, ukibana unashuka, na mtu akishaelewa hilo kwa mikono yake mwenyewe amevuka nusu ya safari ya kuchoma. Majiko mengi ya mtaani hayana sehemu ya kubana, kwa hiyo mchomaji anabaki kumwagia maji moto ukizidi, majivu yanaruka yanatua kwenye nyama, na joto linakua la kuruka ruka. Mzee alinyamaza kidogo, akaenda kutafuta bolti.

Bati la hiyo sahani lisiwe lile la kuezekea wala chuma chochote chenye zinki. Zinki ikichomwa sana inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka, mafundi wa kuchomelea wanaijua hiyo vizuri. Fundi mwenyewe alitoa kipande cha chuma cheusi bila hata kuambiwa.

Wavu

Hapa nimetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote maana wavu ndo unagusana na chakula.

Wifi yangu alikuja na wazo la kutumia rafu za friji bovu, zipo kila mahali kwenye skrepa, zimenyooka, saizi nzuri. Nimekataa. Rafu za friji zimepakwa vitu ambavyo havikutengenezwa kwa moto, nyingine plastiki, nyingine za zamani zina kadmiamu, na kadmiamu ikipata joto ni sumu kali. Wavu wa kuku wa bandani nao hapana, ule una zinki. Rafu ya oveni kuukuu inaweza kufaa, lakini ya duara inayokaa kwenye rimu huipati.

Tumebaki na nondo laini za milimita 6, zile za duara zisizo na mikunjo, zimechomelewa kwenye pete kwa nafasi ya sentimita moja na nusu. Nafasi hiyo inabeba vipande vya mshikaki na pia kuku, bila kudondosha vitu. Stenlesi ingekua bora zaidi, haishiki kutu, ila bei yake ilikua inakaribia bajeti nzima kwa hiyo tumeiacha, mtu akianza kuuza atajinunulia.

Wavu wa chuma cha kawaida unatakiwa utunzwe. Sugua kutu na ule ukoko mweusi wa kiwandani kwa msasa, osha, kausha juu ya moto, paka mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa, uache kwenye moto mpaka moshi uishe, rudia. Unapata weusi fulani mzuri unaong'aa na chakula kinaacha kunata. Kazi ya fundi yote pamoja na nondo imekua 18,000.

Moto wa kwanza, bila chakula

Rimu ina rangi. Tumewasha moto mkubwa wa kuni na mkaa, hewa wazi kabisa, tukakaa upande upepo unakotoka mpaka rangi yote imebabuka na moshi wenye harufu umeisha. Baada ya kupoa tumesugua kwa brashi ya waya, tukaosha. Hakuna chakula siku hiyo. Mpwa alikua na mahindi mkononi, akayarudisha ndani.

Kopo la kuwashia

Kopo kubwa la maziwa ya unga, tumenunua kwa mama wa makopo kwa 2,000, tumelitoboa matundu kuzunguka sehemu ya chini kwa msumari mnene, tumekata kitako chote na kuweka nondo mbili za kushikilia mkaa, na mkono wa waya mnene pembeni. Nalo lilichomwa tupu kwanza.

Unajaza mkaa, chini unaweka karatasi na makumbi makavu ya nazi, unawasha. Hewa ya moto inapanda, inavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini, na moto unajipandisha wenyewe bila mtu kupepea. Dakika 15 hadi 20 mkaa wa juu unaanza kupata weupe wa majivu pembeni, hapo unamwaga kwenye rimu.

Nalipenda sana hili kopo kwa sababu linaondoa mafuta ya taa na vile vipande vya plastiki watu wanavyotumia kuwashia. Mafuta ya taa harufu yake inaingia kwenye chakula, na plastiki inayoungua inatoa moshi mbaya usiotakiwa karibu na nyama wala karibu na mapafu ya mtu. Makumbi ya nazi hapa pwani ni bure, muombe muuza madafu.

Kuhusu mkaa wenyewe: nunua wa mti mgumu. Chukua vipande viwili vigonganishe, wa mti mgumu unalia kama kigae, wa mti mwepesi unatoa sauti ya bubu na unameguka. Mwepesi unawaka haraka na kuisha haraka, na unarusha cheche. Chenga za chini ya gunia usizimwage kwenye jiko, zinaziba hewa.

Jumapili jioni, mahindi na mihogo

Somo la kwanza nimekataa nyama isiguswe. Mahindi mabichi na mihogo vinafundisha karibu kila kitu kwa hela ndogo, ukiunguza hujapoteza kilo ya nyama.

Mkaa tumeusogeza wote upande mmoja wa rimu, upande wa pili hakuna kitu. Sasa una sehemu mbili: yenye moto mkali na yenye joto la pembeni. Muhogo uliomenywa na kupasuliwa ukiuweka moja kwa moja juu ya mkaa unaungua nje na ndani bado mbichi, ukiuanzia upande wa joto la pembeni mpaka ulainike alafu ukaumalizia kwenye moto kupata rangi unakua mzuri sana. Chumvi, pilipili, ndimu. Wifi yangu aliushika huo mtindo mara moja, ni mtu wa jikoni miaka yote, aliona tu muhogo unavyobadilika rangi akajua.

Kupima joto tumetumia mkono: kiganja juu ya wavu kama sentimita 10 hadi 12, hesabu taratibu. Ukishindwa kukaa zaidi ya sekunde 2 au 3 moto ni mkali, 4 au 5 wa wastani, 6 mpaka 8 ni wa pole. Mpwa anapenda moto mkali, kila kitu anataka kisikike kinalia. Tumefunga sahani ya chini nusu, tukahesabu tena baada ya muda, sekunde zikaongezeka, akaona mwenyewe.

Koleo: la kuchomea, refu, 4,000. Lipime kwanza dukani, likibana sarafu na kuinyanyua bila kuteleza ni zuri. Uma hapana, kutoboa nyama ni kumwaga maji yake. Glavu ni za ngozi za mafundi wa kuchomelea, 5,000, sio za nailoni maana nailoni inayeyukia kwenye vidole.

Wiki ya mvua

Hakuna kilichofanyika. Binti wa jirani aliuliza kama tunaweza kuhamishia jiko ukumbini tufungue madirisha. Jibu ni hapana na naliandika hapa kwa nguvu zote: mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua watu waliolala na waliokaa macho, na dirisha lililo wazi sio kinga. Hata mkaa unaoonekana umekufa bado unaitoa. Jiko linakaa nje, mvua ikinyesha tunasubiri.

Kifuniko

Sufuria pana kuukuu ya 3,000, imegeuzwa, imetobolewa matundu matatu juu upande mmoja, na kishikio cha mbao kimefungwa kwa bolti. Inakaa juu ya wavu bila kugusa mkaa kwa hiyo aluminiamu yake haina shida.

Kifuniko kimebadilisha mradi. Ukifunika, joto linazunguka na kuiva kunatokea juu na chini, na moto wa mafuta yanayodondoka unazimika maana hewa imepungua. Unaweka matundu ya juu upande ambao nyama ipo, moshi na joto vinavutwa kupita juu yake. Kuna jamaa anaitwa George Stephen alikua anafanya kazi kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers kule Chicago, mwaka 1952 alichukua boya la chuma lililokua linatengenezwa pale, akalikata, akapata jiko la duara lenye mfuniko na matundu ya hewa. Ndo hayo majiko ya Weber yanayouzwa bei mbaya leo. Nimemwonyesha mpwa picha, akaangalia rimu yake na sufuria yake, akasema "Shangazi, si ni kitu kimoja." Ni kitu kimoja kweli: hewa ya chini, hewa ya juu, mfuniko.

Kipimajoto, na kuku

Hiki ndo kifaa watu wanachokiona cha anasa na mimi nakiona cha lazima kwa anaeanza, hasa anaetaka kuuza. Kidogo cha sindano cha betri, 12,000 Kariakoo. Kwa kua wanaojifunza ni watatu wamechangia elfu nne nne na wanapokezana.

Tumekihakiki kwanza. Glasi iliyojaa barafu na maji kidogo, koroga, kisome 0. Maji yanayochemka yasome 100, hiyo ni hapa Dar usawa wa bahari. Ukiwa Arusha maji yanachemka kwenye 95 hivi, Nairobi 94, kwa hiyo usikitupe kipimajoto chako ukadhani kibovu, tumia barafu.

Kuku: nyuzi 74 ndani ya paja sehemu nene, sindano isiguse mfupa. Kwa mtaa wetu wengi wanamchemsha kuku kwanza ndo wanachoma kwa kuogopa ubichi, na naelewa kwa nini, ila ladha inabaki kwenye maji. Tumechukua kuku wa kisasa, tumempasua mgongo akalala bapa, akaanza upande wa pembeni ngozi juu, kifuniko, hewa nusu. Kilipofika karibu 65 tukamhamishia kwenye moto ngozi chini, hapo lazima usimame mafuta yanadondoka na moto unanyanyuka, ukinyanyuka unamrudisha pembeni, hupigi maji. Moshi wa mafuta yanayoungua juu ya mkaa ndo unaobeba vile vitu vyeusi visivyofaa kwa mwili, kwa hiyo nyama isikae humo. Akatoka kwenye 76, ngozi imekauka vizuri, na nyama ya kifua bado ina maji yake. Wifi yangu alikula kimya, alafu akauliza kuku mwingine yupo?

Nyama ya kusaga ya kebabu ni nyuzi 71. Mishikaki ya vipande kwa biashara ya barabarani mpwa wangu nimemwambia aivishe kabisa na aache kujaribu uzungu wa nyama nyekundu.

Usafi na mkaa uliobaki

Brashi ya waya ile ya kusugulia rimu kwa wavu ni marufuku, nyuzi zake zinakatika zinanasa kwenye wavu na mtu anaweza kuzimeza. Nusu kitunguu kwenye uma mrefu, wavu ukiwa bado wa moto, sugua, inatosha na ni ya bure.

Ukimaliza kuchoma usimwage maji. Hamishia mkaa kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, ufunike, unakosa hewa unazimika, na kesho yake unautumia tena kwenye kopo la kuwashia ukichanganya na mpya. Kwa bei ya mkaa ya sasa hivi hiyo sio hela ya kuchezea. Majivu yanakaa kwenye chuma siku nzima kabla ya kutupwa, yanaficha moto ndani.

Hesabu mpaka leo

Rimu 10,000, fundi na nondo 18,000, kopo 2,000, koleo 4,000, glavu 5,000, sufuria ya kifuniko 3,000, mchango wa kipimajoto 4,000. Jumla 46,000, na elfu nne inayobaki inanunua kisado cha mkaa. Vijiti vya mishikaki havimo, mpwa ananunua vya mianzi na kuviloweka kwenye maji nusu saa visiungue, vya chuma atanunua akianza kuuza.

Kilichobaki ni samaki. Binti wa jirani anataka vibua na changu, na wavu wa nondo una nafasi kubwa kwa vibua vidogo, ngozi inaingia katikati na kukatika. Fundi amesema anaweza kutengeneza wavu wa pili wa kubana, wa pande mbili wenye bawaba, nondo za milimita 4, unageuza wote bila kumgusa samaki. Ameahidi Alhamisi. Bei bado tunavutana, yeye anasema elfu kumi na mbili mimi nasema nane.